Sweta la Mchungaji

Walituambia jeneza lisifunguliwe.
Mama akasema: nionyesheni kisigino tu.
Kisigino cha kulia, penye kovu la jembe,
mwaka ule wa viazi vingi, Gwakisa ana miaka saba.
Mzee wa kanisa akatazama chini,
akatazama migomba,
mwisho akaazima bisibisi kwa fundi baiskeli.

Kilikuwa ndicho.

Mimi nchi ile siijui. Najua jina lake redioni,
najua kuna mchanga, na mikorosho, na joto,
na kwamba barua yake ya mwisho ilinuka moshi.
Aliandika: Asajile, huku ng'ombe hakuna,
lakini kutwa nzima wananiita Mchungaji,
nami nageuka nikidhani wananiulizia ndama.
Maana tulichunga pamoja, mimi na yeye,
mabondeni mwa Kyimo, magunia kichwani, mvua juu yake,
na aliyepoteza ndama alikuwa mimi,
na aliyechapwa alikuwa yeye.

Walikuja Alhamisi, saa ya kufunga zizi.
(Si kwamba huko kuna zizi.
Ndivyo mimi ninavyohesabu saa.)
Walimkuta anagongea misumari benchi la kanisa.
Wakauliza, nani mkubwa hapa?
Palikuwa na mwinjilisti, kijana, ndevu hazijaota,
na watoto wanne wa kwaya.
Gwakisa akasema, Mimi.
Hilo ndilo neno lote tuliloletewa.
Hakuna hotuba. Mimi, na nyundo mkononi.

Aliyelileta ni dereva, Momade,
siku tatu barabarani na jeneza,
mtu wa swala tano, ambaye wale wale
walimuulia shemeji yake kisimani.
Alishuka kwa kandambili na shati jepesi,
ukungu umekaa hadi mlangoni,
meno yakigongana kama vikombe kwenye sinia.
Hakuwahi kujua kwamba baridi ina mikono.
Mama hakumuuliza dini wala ukoo.
Aliingia ndani, akatoka na sweta la bluu
alilokuwa akimfumia Gwakisa kwa Krismasi,
mkono mmoja umeuzidi mwenzake vidole viwili,
macho yake siku hizi.
Vaa, akasema. Ndaga, mwanangu.
Momade hakulijua neno hilo. Akavaa.
Nilitoka nje. Sikutaka kuuona mgongo ule.

Kaburini yakahubiriwa mahubiri ya kusamehe.
Yalikuwa mazuri, sikatai.
Tukafika kwenye Baba Yetu,
nikaenda vyema hadi mkate wetu wa kila siku,
kisha mdomo ukagoma
kama ng'ombe mbele ya daraja la miti:
unamvuta, unamsukuma, anatazama maji.
Wenzangu wakavuka.
Nilibaki ng'ambo hii. Bado nipo.

Alfajiri, wanaume wamelala juu ya majani ya migomba,
niliamka kukamua; kiwele hakijui msiba.
Nikamkuta Momade kwenye pipa la maji,
anaosha miguu kwa maji yale yanayouma,
mikono ya sweta kaikunja hadi kiwiko.
Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi,
kibla kiko upande gani huku kwenu.

Sijawahi kuulizwa.
Nilifikiria jua, nikafikiria barabara ya Mbeya,
nikanyoosha kidole uliko mlima Rungwe,
ambao ukungu ulikuwa umeumeza wote.
Akashukuru, akatandika gunia la pumba.
Sina hakika kama nilimwelekeza sawa.
Nilishika ndoo yangu tupu
nikasimama nyuma yake mpaka akamaliza,
nikiitazama barabara.